Kazi ya Mzee Wambugu Haifunguliwi

Alhamisi jioni gari lilirudi nyumbani limeinuliwa, na majirani wa pale Chaka wakatoka kulitazama. Ilikuwa Hailaksi ya milango minne, kuukuu lakini yenye roho, na sasa ilisimama juu hivi kwamba kuku walipita chini yake vichwa wima. Mzee Wambugu aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, akapiga gurudumu teke dogo, akasema, "Haya. Sasa hakuna jiwe huko Kabaru itakuambia kitu."

Watiri, mke wa mwanawe, akacheka, akasema asante Baba. Angesema nini? Mtu amekuinulia gari kwa mikono yake, siku tatu nzima, hajataka hata soda, na mtu mwenyewe ni baba mkwe wako. Unasema asante, hata kama hukumwomba hivyo.

Na kweli hakumwomba hivyo. Watiri ni daktari wa mifugo. Kila siku ya Mungu yuko kwenye zile barabara za kupanda msituni, Kabaru, Kimahuri, Ndathi, ambazo mvua ikinyesha saa moja zinageuka uji, na zikikauka zinabaki mitaro miwili na tuta katikati, tuta linalokwaruza tumbo la gari mpaka mtu anasikia kwenye meno. Mwezi wa tano jiwe lilimng'olea ekzosi, akaingia kwa boma la watu akinguruma kama tingatinga, ng'ombe aliyeitiwa kumtibu akaruka ua. Ndipo alipokaa chini na daftari akaandika aanze na nini, kwa sababu kufanya yote kwa mpigo hakuwezekani. Shokapu kwanza, maana zile zilizokuwepo zilikuwa zimekufa zamani. Pamoja nazo mipira mirefu ya breki, kwa sababu gari likiinuka ekseli inabaki chini, na ule mpira unaopeleka mafuta ya breki nyuma unavutwa. Kisha matairi ya kushika matope. Kuinua springi kungekuja mwisho, inchi mbili tu, maana hili lilikuwa gari la kazini na sokoni na kanisani, halikuwa la mashindano.

"Nisomee," mzee alimwambia siku ile alipompelekea daftari. Watiri akasoma. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Umeshika ng'ombe kwa mkia, Watiri. Gari ikiwa chini, ata uivalishe shokapu ya dhahabu, itakwaruza tu. Springi kwanza. Hizo zingine tutaona mbele."

Akatoa mabamba mawili ya springi ya lori aliyokuwa ameyahifadhi miaka na miaka, akasema kazi imeisha. Unabishana vipi na Mzee Wambugu juu ya magari? Miaka arobaini na karakana pale karibu na Kiganjo. Ukitoka Karatina hadi Nanyuki, ukimwona fundi wa maana amelala chini ya gari, muulize nani alimfunza kazi. Atakutajia yeye. Watiri alimtazama siku hizo tatu akifanya kazi, jinsi alivyopapasa kila nati kwa kidole gumba kabla ya kuweka spana, taratibu, kama mkunga, na moyoni akajiambia kwamba hapo ndipo penye ufundi. Nyamaza, daktari wa ng'ombe, akajiambia.

Ijumaa asubuhi alipanda Ndathi. Kupanda kulikuwa raha tupu. Tuta lile la katikati hakulisikia hata mara moja, na akaanza kuona aibu kwa kumshuku mzee wa watu. Aibu yenyewe haikufika adhuhuri. Alipokuwa akishuka, gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mtaro, gari likainama, na alipokanyaga breki mguu ukaenda chini, ukaenda, ukaenda. Akakanyaga tena na tena, tatu, nne, ndipo ikashika. Mbele yake hatua kumi hivi palikuwa na kona, na chini ya kona shamba la viazi, na kwenye viazi akina mama watatu wameinama. Hakuna aliyeinua kichwa. Watiri alikaa pale, mikono kwenye usukani, mpaka mbuzi wakaanza kumpita.

Alipofungua boneti, kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimeshuka chini ya alama. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Ule mpira wa nyuma ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanika nguo, na pale unapokutana na chuma palikuwa na unyevu. Akaugusa, akanusa. Sasa alijua, na heri asingejua.

Maana kesho yake ilikuwa safari. Lynn, binti ya Mzee Wambugu aliyeolewa Kangari, alikuwa amejifungua msichana wa pili, na kwa desturi yetu msichana wa pili anapewa jina la mama wa mama yake. Kwa hivyo mama mkwe wa Watiri, Ngendo, alikuwa amezaliwa upya kule Kangari na hajajiona. Akina mama walikuwa wamejipanga wiki mbili kumpelekea mtoto itega: unga, ndizi, shuka, kuni za kumkanda mzazi. Na Mzee Wambugu alikuwa ametangaza, kanisani kabisa, baada ya matangazo ya mchungaji, kwamba akina mama wasihangaike kukodi gari. Wataenda na ile aliyoinua. Sagana, Kenol, halafu kupanda na kushuka vile vilima vya majani chai mpaka mlangoni kwa Lynn. Dereva Watiri.

Akampigia mumewe, Kihara, anayefundisha Isiolo. Akamweleza yote.

"Na usimwambie Baba amekosea," Kihara akasema. "Unamjua. Ngoja nije Jumapili nimwambie mimi."

"Safari ni kesho, Kihara."

"Si uendeshe polepole?"

Watiri aliitazama simu kama kitu kilichomng'ata. Polepole! Mtu ana shahada mbili! Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane, akaenda zake kwa Ngatia.

Ngatia ana karakana yake pale Chaka mjini, fundi safi, mtu wa heshima. Alimsikiliza akipangusa mikono, akainama akachungulia chini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposimama hakumtazama usoni.

"Hii ni kazi ya Mzee Wambugu?"

"Ndiyo. Nibadilishie huo mpira tu, Ngatia. Hata hatajua."

"Atajua. Na hata asijue, mimi nitajua." Akakunja kitambaa chake vizuri, pembe kwa pembe. "Kazi ya mzee haifunguliwi, daktari. Yeye ndiye alinipa spana ya kwanza. Akikuja aniambie fungua, nafungua. Lakini nyuma ya mgongo yake? Hapana, siwezi."

"Umeona vile umevutika?"

"Mwambie yeye."

"Watu wanaenda kupanda hii gari kesho!"

"Mwambie yeye," Ngatia akasema tena, kwa sauti ya chini, na Watiri akaona kwamba naye anaogopa, tena anaogopa zaidi yake.

Alijaribu na Nanyuki. Kuna Abdiweli, muuza vipuri, asiyemjua Mzee Wambugu wala heshima zake. Abdiweli akajibu simu akitoka msikitini, akawa mwungwana sana: mpira mrefu wa hiyo Hailaksi hana, utafika Jumatatu inshallah. Jumatatu! Watiri akamshukuru, akaenda nyumbani gia ya pili njia nzima, mkono mmoja kwenye breki ya mkono, lori zikimpigia honi na makondakta wakimtukania mama.

Jioni ile alijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza mama mkwe alikuwa akipiga pasi kitambaa chake cha kichwa, akiimba. "Maitu, tungekodi tu ile nisani ya abiria ya Moffat," Watiri akaanza, na Ngendo akamtazama kwa mshangao wa kweli: "Na ya mzee ifanye nini?" Mara ya pili mzee mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, uso umetulia, hana neno na mtu, akamwambia kabla hajafungua mdomo, "Hiyo gari itakuzika wewe, Watiri. Mimi nitakuwa nimeenda zamani, na bado utakuwa unasema Wambugu ndiye aliinua." Alikuwa anajisifu, masikini. Watiri akaitikia ndiyo Baba, akapita. Mara ya tatu alifika mlangoni akarudi.

Alikuwa anaogopa nini hasa? Kufukuzwa hawezi. Kupigwa, hasha. Aliogopa kuwa yule mtu wa kwanza kumwambia Mzee Wambugu kwamba kazi yake ni mbaya, na mtu mwenyewe awe mwanamke, awe mke wa mwanawe. Usimwone mjinga, ndugu msomaji. Kama hujawahi kuwa na mkwe unayemheshimu hujui mdomo unavyoweza kuwa mzito.

Jumamosi saa moja akina mama walifika, vitambaa vya rangi moja, wamejaa vicheko. Gari lilikuwa refu mno hawawezi kupanda; ikaletwa stuli ya jikoni. Phyllis, rafiki ya Ngendo, mwanamke wa miaka sabini na ulimi wa miaka ishirini, akakwama katikati, nusu ndani nusu nje. "Wambugu!" akaita. "Umetutengenezea gari ama mnazi? Hebu nisukume, na usiangalie!" Wakacheka wote. Mzee alisimama pembeni, koti lake jeusi limepigwa brashi, uso umejaa fahari.

Kuni na magunia yalikuwa yamepakiwa nyuma. Ngendo alikuwa amekaa mbele, mkoba magotini, tayari kwenda kujiona. Watiri akapanda, akafunga mkanda, akaweka ufunguo. Akakanyaga breki akiwa hajawasha. Ilikuwa laini.

Akakumbuka wale akina mama wa viazi, walivyokuwa wameinama.

Akafungua mkanda, akateremka. "Baba," akasema, "naomba uje uone kitu huku nyuma."

"Nione nini? Si nimetengeneza mimi?"

"Mpira wa breki ni mfupi, Baba. Unavuja. Ni hatari."

Basi. Vicheko vikakatika kama redio iliyozimwa. Ndani ya gari Ngendo akageuza shingo polepole. Mzee Wambugu hakukasirika, hilo ndilo lililomtisha Watiri zaidi. Alijivuta tu koti.

"Niliupima," akasema. "Uko na nafasi ya kidole mbili."

"Uliupima gari ikiwa imesimama sawa. Gurudumu ikiingia kwa shimo inaning'inia, na mpira unavutika. Jana breki iliniacha kule Ndathi."

"Watiri," mama mkwe akaita, sauti ya onyo.

"Iliniacha, Maitu! Nusura niue watu!" Na machozi yakaja, machozi ya hasira, akiyachukia yeye mwenyewe. Hakungoja aulizwe tena. Akatoa jeki, akaiweka chini ya fremu, akapiga mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, akachomoa gogo moja la itega ya Lynn akalikingia hapo gari lisishuke, akalala chali kwenye vumbi na rinda lake la safari. "Mama Phyllis! Ruka hapo mbele kwa usukani, ukanyage hiyo pedali ya katikati. Kwa nguvu!"

"Nikikanyaga haitaenda?"

"Haitaenda! Kanyaga!"

Phyllis akakanyaga kwa nguvu zote za ujana wake. Mafuta yakaruka kama maziwa ya ng'ombe aliyejaa, yakampiga Watiri shavuni na shingoni na kwenye kola ya rinda. Akatoa mkono nje ya gari, kiganja kimelowa, akauinua kuelekea ile suruali nyeusi iliyokuwa imesimama hapo.

Mzee akainama, akaushika ule mkono, akaunusa.

Halafu Watiri akaona goti moja likishuka chini, kisha la pili, na mzee mzima, na koti lake la kanisani, akaanza kujivuta chini ya gari kando yake. Akina mama wakashika midomo. "Ngai!" Phyllis akasema huko juu. "Mtu na mke wa mwanawe, chini ya gari moja!" Hakuna aliyemcheka.

Mzee akanyoosha mkono, akapapasa. Vidole vikapita kwenye fremu, vikakosa, vikarudi, vikafuata bomba la chuma mpaka mwisho, vikaupata mpira uliovutika na ufa wake. Uso wake ulikuwa karibu na ule mpira kuliko wa Watiri, na macho yalikuwa wazi, na hayakuutazama. Yalitazama mahali pengine kabisa. Ndipo Watiri akaelewa.

"Baba. Huoni?"

"Mbali naona kidogo," akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Karibu ni ukungu tu. Tangu mwezi wa pili. Nilifikiri mikono inajua."

"Na hukuambia mtu?"

"Na wewe ulijua tangu jana. Uliambia nani?"

Watiri akafumba macho. Mafuta yalikuwa yanamwasha shavu.

"Mficha uchi hazai," Phyllis akasema huko juu, ingawa hakuna aliyemuuliza, na Ngendo akamwambia anyamaze.

Walilala hivyo kidogo, wawili, wakitazama tumbo la gari. Halafu kitu kikampitia mzee mwilini. Watiri alikihisi begani. Mzee akamshika kiwiko kwa nguvu za kuumiza.

"Uko na simu?"

"Niko nayo."

"Piga kwa Moffat. Nilimtengenezea breki mwezi wa nne. Mwambie asimame. Popote ako, asimame. Halafu ile gari ya maziwa ya Kiganjo. Halafu mwalimu mkuu, ile basi ndogo ya watoto. Ngoja, ngoja, nisisahau. Katekista. Springi na breki. Piga, Watiri, piga!"

Watiri alipiga, amekaa vumbini, mgongo kwenye gurudumu, na mzee bado amelala chini akiyataja magari moja baada ya jingine, miezi minne ya kazi, akiyakumbuka kwa vidole, nati hii, bomba lile. Moffat alikuwa Karatina na abiria kumi na wanne, akasimama. Basi la watoto lilikuwa limeegeshwa, ashukuriwe Mungu aliyeumba Jumamosi. Katekista alitaka kujua kwa nini, akaambiwa Mzee Wambugu ndiye amesema, akazima injini pale pale katikati ya daraja. Akina mama waliteremka bila kuambiwa, wakashikana mikono kwenye stuli, wakakaa kwenye magunia ya unga kumsikiliza. Kumi na moja. Wote kumi na mmoja walipatikana.

"Ni hao tu, Baba?"

Mzee akahesabu tena kwa vidole.

"Kulikuwa na gari ingine, probox," akasema. "Nyeupe. Mtu wa kuuza vifaranga, alisema anatoka pande za Sagana. Mvua ilikuwa nyingi, alikuwa anapita tu. Nilimwekea mpira ya breki, mbele, mkono wa kushoto."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza. Alisema Mungu akubariki, mzee. Akaenda."

Jumatatu mzee alikwenda mwenyewe kwa Ngatia akishikwa mkono, akamwambia fungua. Ngatia akafungua, akayatoa na yale mabamba ya lori, na gari la Watiri likashuka likawa la kupandwa bila stuli. Ngendo alijiona kule Kangari wiki iliyofuata, kwa nisani ya Moffat iliyotiwa breki mpya, akalia vizuri sana. Watiri aliwapigia mawakala wa vifaranga wa Sagana, Karatina na Kenol, wote aliowapata. Probox nyeupe Kenya hii! Walimcheka.

Mwezi wa nane mzee alitolewa mtoto wa jicho, la kulia kwanza. Siku alipofunguliwa bandeji walimletea mjukuu, Ngendo mdogo, amtazame. Akamtazama, akasema ni mzuri, akamrudisha kwa mama yake, akaomba apelekwe barabarani.

Huko ndiko anakoshinda hadi leo, pale njia panda ya Chaka, na kiti chake cha plastiki. Probox nyeupe ikitokea upande wa Karatina anasimama, anainua mkono. Nyingi zinampita. Zinazosimama anainama dirishani, anamwuliza dereva kama alitengenezewa breki huku mwezi wa nne, siku ya mvua, na wanamwambia hapana, mzee, si mimi. Jioni Watiri akishuka kutoka Ndathi humpitia. Hamwulizi kama amempata. Humfungulia mlango, mzee hupanda, na gari likiondoka yeye huwa bado amegeuza shingo nyuma, anatazama barabara.